Plasma 6 kwenye laptopu ya mtumba: dalili, vyanzo na tiba

Aliyekuwa kwenye Debian 12, mmoja wa mifumo ya Linux, alizoea Plasma 5.27, desktopu ya KDE. Debian 13 ilipotoka tarehe 9 Agosti 2025 ilikuja na Plasma 6.3, kwa hiyo anayepandisha mfumo anavuka kizazi kizima cha desktopu kwa mkupuo mmoja. Plasma 6 yenyewe ilitoka Februari 28, 2024, na mabadiliko makubwa hayako machoni. Yako chini: Qt 5, maktaba ambazo Plasma imejengwa juu yake, imeondoka, Qt 6 imeingia, na Wayland, njia mpya ya kuonyesha madirisha kwenye kioo badala ya X11 ya zamani, sasa ndiyo inayowashwa ukiingia bila kuchagua chochote.

Hapa Nyegezi, Mwanza, kompyuta zinazoletwa nyingi ni laptopu za mtumba, zile zilizomaliza kazi ofisini Ulaya. Lawama huwa ni ile ile: "Hii mpya ni mbovu." Ukichunguza, ubovu wa Plasma yenyewe huja mwisho kabisa. Mbele yake kuna mipangilio ya zamani iliyobaki kwenye folda ya mtumiaji, kuna Wayland, na kuna mashine yenyewe pamoja na umeme unaoilisha.

## Kabla ya kugusa chochote: akaunti mpya

Fungua akaunti ya pili:

`sudo adduser jaribio`

Toka kwenye akaunti yako, ingia kwa jina la `jaribio`, kisha rudia jambo lililokuwa linakusumbua. Tatizo likipotea, chanzo kiko ndani ya folda yako ya nyumbani, mara nyingi kwenye `~/.config` au `~/.local/share`. Likibaki, chanzo ni mfumo mzima: draiva, pakeji (programu zilizofungashwa kwa ajili ya mfumo) au kifaa.

Jaribio hili linachukua dakika chache na linakata kazi nusu. Nalisisitiza kwa sababu mafundi wetu tumelelewa kwenye utamaduni wa kupiga Windows upya kila kitu kinapokwama. Kwenye Linux, ukipiga mfumo upya huku umehifadhi `/home`, mipangilio iliyoleta shida inarudi nayo, na utakuwa umeunguza bando na jioni nzima bure.

Jaribio la pili ni kubadili sesheni. Kwenye skrini ya kuingilia ya SDDM, pembeni chini, kuna sehemu ya kuchagua sesheni. Ukiona Plasma ya X11, ingia nayo. Tatizo likiisha huko, unajua linahusu Wayland. Kujua uko wapi sasa hivi, andika:

`echo $XDG_SESSION_TYPE`

Usipoiona X11 kwenye orodha, yawezekana pakeji yake haijawekwa. Kwa Fedora, Linux nyingine, inaitwa `plasma-workspace-x11`. Ila usiitegemee kwa muda mrefu: waundaji wa KDE wameshatangaza kwamba Plasma 6.8 haitakuwa na sesheni ya X11.

## Kioo cheusi, mshale unatembea

Umeingiza neno la siri, skrini ya kukaribisha imepita, halafu giza. Mshale wa kipanya unaitikia, lakini hakuna paneli wala picha ya ukutani.

Mshale ukitembea, usizime kompyuta kwa kubonyeza kitufe cha umeme. Maana yake KWin, anayechora madirisha, yuko hai. Aliyeanguka ni plasmashell, anayechora paneli na eneo la nyuma. Bonyeza Ctrl+Alt+T kufungua Konsole. Ikigoma, bonyeza Alt+Nafasi, andika `konsole`, kisha Enter.

Mwalimu mmoja wa sekondari alinipigia simu kutoka Nansio, Ukerewe, akiwa na dalili hiyo hiyo.

"Fundi, mashine imekufa."

"Shikamoo mwalimu. Mshale unaonekana?"

"Marahaba. Unaonekana, unazunguka tu."

"Basi haijafa. Bonyeza Ctrl na Alt na T kwa pamoja."

Konsole ikafunguka katikati ya giza. Nikamsomea mistari mitatu, naye akaiandika polepole:

`systemctl --user stop plasma-plasmashell`

`mv ~/.config/plasma-org.kde.plasma.desktop-appletsrc ~/appletsrc.zamani`

`systemctl --user start plasma-plasmashell`

Paneli ikarudi, mpya kama ya kiwandani. Faili hilo lenye jina refu ndilo linalotunza mpangilio wa paneli na wijeti, na lake lilikuwa limebeba vitu vya Plasma 5 tangu zamani. Angalia mpangilio wa amri: unasimamisha kwanza, ndipo unahamisha. Ukihamisha faili wakati plasmashell inaendelea, yenyewe inaweza kuliandika upya na ukabaki pale pale. Nalo faili usilifute, kwa sababu ndani yake unaweza kuchungulia ulikuwa na wijeti zipi.

Ikiwa hata mshale hauonekani, bonyeza Ctrl+Alt+F3. Ukipata sehemu ya kuingilia ya maandishi matupu, ingia na usome kilichotokea:

`journalctl --user -b | grep -i -E "kwin|plasmashell"`

## Wijeti zimegoma

Badala ya saa nzuri uliyopakua zamani, unaona kisanduku kinachosema wijeti hii iliandikwa kwa toleo la zamani na haiendani na Plasma 6. Hapo hakuna cha kurekebisha kwenye kompyuta yako. Nenda `~/.local/share/plasma/plasmoids`, fungua folda ya wijeti husika, soma `metadata.json`. Kama hakuna mstari wenye `X-Plasma-API-Minimum-Version`, wijeti hiyo ni ya enzi za Plasma 5. Kama hata `metadata.json` haipo, na kuna `metadata.desktop` peke yake, ni kongwe zaidi. Tafuta toleo lake jipya au achana nayo.

Themu ulizopakua zina ugonjwa huo huo, isipokuwa zenyewe hazisemi. Zinaleta maandishi meupe juu ya weupe, au vitufe visivyoonekana. Rudi kwenye Breeze, themu ya kiwandani, kwanza. Ukiona mambo yametulia, ongeza mapambo moja moja.

## Umeme ulikatika katikati ya kupandisha mfumo

Kwetu sehemu hii inastahili nafasi kubwa kuliko zote. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, au laptopu yenye betri ya kudumu dakika saba, inaweza kuzimika wakati apt, programu ya kuweka pakeji, inafungua pakeji. Ukiwasha tena unapata desktopu nusu: kipande cha Plasma 5, kipande cha Plasma 6, na mara nyingine hakuna desktopu kabisa.

Ukijaribu kuendelea utaona ujumbe huu:

`E: dpkg was interrupted, you must manually run 'sudo dpkg --configure -a' to correct the problem.`

Ujumbe wenyewe umekupa dawa. Ingia kwa Ctrl+Alt+F3, kisha:

`sudo dpkg --configure -a`

`sudo apt --fix-broken install`

`sudo apt full-upgrade`

Baada ya hapo `sudo dpkg --audit` isiandike chochote. Ikiandika majina ya pakeji, hizo bado hazijakaa sawa.

Wengi huishia hapo, nami nadhani wanaacha mapema. Umeme ukikatika wakati faili linaandikwa, linaweza kubaki na jina lake lakini tumbo tupu. Weka `debsums`, kisha endesha `sudo debsums -s`. Itataja mafaili ya mfumo yaliyoharibika, nawe utaweka upya pakeji zake kwa `sudo apt install --reinstall` ukifuatisha na jina la pakeji. Kwa upande wa mipangilio yako mwenyewe, andika:

`find ~/.config -type f -size 0`

Ukikuta `kwinrc`, `plasmashellrc` au `kdeglobals` kwenye orodha hiyo, umeshapata jibu la kwa nini mipangilio yako imerudi ya kiwandani. Mafaili matupu yaondoe, na kama una nakala, irudishe.

Kinga yake ni kutenganisha kupakua na kufunga. Usiku, bando likiwa rahisi, andika:

`sudo apt full-upgrade --download-only`

Hapo hakuna kinachoharibika hata umeme ukienda, kwa kuwa pakeji zinarundikwa tu. Kesho yake, betri ikiwa imejaa na umeme upo, toka kwenye desktopu, ingia kwa Ctrl+Alt+F3 na umalizie `sudo apt full-upgrade`. Intaneti haihitajiki tena, na muda wa hatari unapungua sana.

Sababu ya kufanya hivyo nje ya desktopu ni dalili nyingine inayotisha. Mtu ameanzisha kupandisha ndani ya Konsole, ameenda kununua maji, kioo kimejifunga. Anaporudi anakuta maandishi meupe kwenye weusi yanayomwambia kifunga skrini kimevunjika na hakiwezi kufunguka. Kilichotokea ni kwamba kifunga skrini cha zamani kiliamka kikakuta maktaba za Qt zilizo chini yake zimeshabadilishwa. Asizime! apt bado inafanya kazi nyuma ya pazia. Aende Ctrl+Alt+F3, aangalie namba ya sesheni kwa `loginctl`, kisha:

`sudo loginctl unlock-session 2`

Badala ya 2 aweke namba aliyoiona. Asubiri apt imalize, ndipo awashe upya.

## Kila kitu kizito

Fungua Info Center, sehemu ya About this System, tazama mstari wa kadi ya picha. Ukisoma neno `llvmpipe`, acha kuilaumu Plasma. Kadi ya picha haitumiki kabisa, na prosesa inachora kila kivuli na kila dirisha kwa mkono.

Mara nyingi llvmpipe huandamana na dalili mbili: kioo kina ukubwa mmoja tu wa kuchagua, na kitelezi cha mwanga hakipo. Ukiziona zote tatu, angalia:

`cat /proc/cmdline`

Tafuta neno `nomodeset`. Linaingia hivi: wakati wa kufunga kutoka kwenye flashi, mtu alichagua hali salama ya picha ili apate kioo haraka, na mfumo ukalibeba hadi kwenye diski. Fungua `/etc/default/grub`, lifute neno hilo tu, halafu `sudo update-grub` na uwashe upya. Kwa Fedora:

`sudo grubby --update-kernel=ALL --remove-args=nomodeset`

Kama kadi inatumika na bado mashine inakokota, uliza kuhusu Baloo, anayepanga faharasa ya mafaili kwa ajili ya utafutaji. Kwenye diski ya kuzunguka yenye muziki na video nyingi, siku za mwanzo baada ya kupandisha anaweza kuifanya taa ya diski isizime. `balooctl6 status` inaonyesha yuko wapi. `balooctl6 disable` inamsimamisha. Kwa mashine yenye RAM ya GB 4 mimi humzima bila kujiuliza, na pia huondoa Blur kwenye Desktop Effects.

Halafu kuna vumbi. Laptopu iliyokaa steshenari kando ya barabara kiangazi kizima, feni yake imevaa blanketi. Weka `lm-sensors`, andika `sensors` wakati mashine ni nzito. Joto likiwa juu ya nyuzi 90, fungua mfuniko usafishe na ubadilishe grisi ya prosesa. Hakuna toleo la Plasma litakalokufanyia hiyo kazi.

## Projekta kanisani haionyeshi, au inaonyesha robo

Bonyeza Meta+P kwanza. Meta ni kile kitufe chenye nembo ya Windows. Kikitokea kisanduku cha kuchagua, chagua kuakisi au kupanua. Kisipotokea, fungua Konsole:

`kscreen-doctor -o`

Hii inaorodhesha kila tundu na kila ukubwa unaowezekana. Kama `HDMI-A-1` haipo kwenye orodha kabisa, kagua waya na adapta. Kama ipo lakini imezimwa:

`kscreen-doctor output.HDMI-A-1.enable`

Kama ipo lakini ina ukubwa mmoja tu, 1024x768, na unatumia VGA, shuku waya. Projekta hujitambulisha kwa kompyuta kupitia pini maalumu za waya huo, na waya wa bei rahisi au wenye pini iliyokatika haupitishi taarifa hizo. Badilisha waya kabla hujabadilisha mipangilio.

Kuna hali nyingine: projekta ilifanya kazi Jumapili iliyopita, leo laptopu inawaka na kioo chake chenyewe ni cheusi. Plasma 6 kwenye Wayland inakumbuka mpangilio wa vioo kwenye `~/.config/kwinoutputconfig.json`. Ikiwa kumbukumbu hiyo imevurugika, ingia kwa Ctrl+Alt+F3, lihamishe faili hilo pembeni, kisha uwashe upya. Vioo vitasomwa upya kana kwamba havijawahi kuonana.

## Kuonyesha kioo kwenye mkutano wa mtandaoni

Wenzako wanaona weusi mtupu, au wanaona dirisha moja tu. Chini ya X11 programu yoyote iliweza kupiga picha kioo kizima bila kuomba ruhusa. Wayland haikubali; lazima programu ipitie PipeWire, anayepitisha picha na sauti kati ya programu, na lango la ruhusa, nawe uchague kwenye kisanduku nini kionekane. Hakikisha `xdg-desktop-portal-kde` na `pipewire` zipo. Kivinjari kipya kinajua njia hiyo. Programu za mkutano za zamani hazijui, kwa hiyo zifungulie ndani ya kivinjari. Hali ni hiyo hiyo kwa programu za kusaidiana kwa mbali na zile za kubonyeza vitufe kwa niaba yako kama `xdotool`: zikigoma, ingia X11 kwa kazi hiyo, ukimaliza rudi.

Maandishi yenye ukungu kwenye programu chache tu, huku nyingine ziko wazi, ni programu za X11 zinazovutwa na mfumo. Nenda System Settings, Display & Monitor, sehemu ya programu za zamani za X11, uziache zijikuze zenyewe.

## Kadi ya NVIDIA

Kuwayawaya kwa picha kwenye kadi za karibuni kulipungua sana pale Plasma 6.1 na draiva 555 zilipokutana mwaka 2024, kwa sababu pande zote mbili zilianza kuafikiana wazi ni lini picha imekamilika. Hakikisha basi una zote mbili au zilizo juu yake, na kwamba `sudo cat /sys/module/nvidia_drm/parameters/modeset` inajibu `Y`.

Laptopu za mtumba ni habari nyingine. Kadi za Fermi zimekomea draiva 390, za Kepler zimekomea 470. Njia ya GBM ambayo KWin anaitegemea kwenye Wayland ilianza na draiva 495. Hesabu haifiki. Kwa mashine hizo tumia nouveau, draiva huria ya NVIDIA, au kama laptopu ina Intel pembeni, iache Intel ifanye kazi ya desktopu na uisahau NVIDIA.

## Vitu visivyo ugonjwa

Faili halifunguki kwa kubofya mara moja: Plasma 6 imehamia kubofya mara mbili, na unaweza kurudisha kwenye General Behavior. Paneli inaelea juu ya kioo: ni mtindo mpya, zima Floating kwenye hali ya kuhariri paneli. Kusokota gurudumu la kipanya juu ya picha ya ukutani hakubadilishi tena desktopu pepe. KWallet, pochi ya kutunza maneno ya siri, inaomba neno la siri kila ukiunganisha Wi-Fi: ama unaingia bila kuandika neno la siri, ama la pochi na la kuingilia hayafanani. Yafananishe.

## Discover (duka la programu la Plasma) inakataa kusasisha, kivinjari kinasema tovuti si salama

Andika `timedatectl`. Ukiona mwaka uliopita au 2012, betri ndogo ya ubao mama imekufa. apt itasema faili za Release bado hazijaanza kutumika, na vyeti vya usalama vitakataliwa. Kwa leo rekebisha saa, weka `Africa/Dar_es_Salaam`, washa usawazishaji kwa `sudo timedatectl set-ntp true`. Kesho nunua betri. Nyingi ni CR2032, ila kwenye laptopu kadhaa imeshonewa waya, kwa hiyo fungua uione kwanza kabla ya kwenda dukani.

## Kama bado

Umejaribu akaunti mpya, umejaribu X11, pakeji ziko sawa, saa iko sawa, na tatizo linajirudia. Sasa ndiyo zamu ya Plasma kulaumiwa, na mahali pake ni bugs.kde.org. Tafuta kwanza kama limesharipotiwa. Ukifungua jipya, weka maelezo yanayonakiliwa kutoka About this System (kuna kitufe cha kunakili), hatua za kulirudia moja baada ya nyingine, na mistari ya `journalctl --user -b` ya dakika ile ile lilipotokea. Taja pia kama ni Wayland au X11, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza watakalokuuliza.